Kasi ya intaneti si kasi ya mtandao wa ofisi

"Intaneti yetu yenyewe ni megabiti 100, hiyo gigabiti 10 humu ndani ya nini?" Fundi akipeleka maombi ya swichi mpya (kifaa kinachounganisha kompyuta na seva za ofisi), hilo ndilo swali analokutana nalo, na mara nyingi maombi huishia hapo. Kuuliza si kosa, ila swali limeelekezwa pasipo. Faili linalotoka kwenye seva ya ofisi kwenda kwenye kompyuta ya mtu halipiti kwenye intaneti hata kidogo. Linapita kwenye swichi na kebo za ukutani. Intaneti iwe ya kasi au ya kusuasua, kwake ni mamoja.

Wanaopinga wana hoja, tena nzito. Wafanyakazi wengi wanatumia laptop na Wi-Fi, barua pepe zao na nyaraka ziko kwenye seva za mbali, na anayechapa barua hataona tofauti yoyote. Gharama nayo, wanasema, si ya swichi tu. Kuna kufungua dari na kuvuta kebo upya. Nakubali. (Ingawa hiyo Wi-Fi nayo, ukiifuatilia, inaishia kwenye kebo.)

Hesabu isiyopigwa ni ya bakapu, yaani nakala ya akiba ya data. Tuseme seva ina terabaiti 4. Kwenye gigabiti 1 (megabiti 1,000 kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8), mambo yakienda vizuri kabisa, unapata kama megabaiti 118 kwa sekunde, kwa hiyo kunakili data yote kunachukua saa 9 na dakika 25 hivi. Ikianza saa 2 usiku inamaliza alfajiri, na hakuna wa kulalamika. Tena programu nyingi za bakapu huchukua yaliyobadilika tu, kwa hiyo usiku wa kawaida mzigo hauonekani.

Shida iko kwenye kurudisha. Diski za seva zikifa, hakuna tena cha yaliyobadilika tu: terabaiti zote 4 zinarudi, na kwa njia ileile. Fundi akianza saa 2 asubuhi, atamaliza karibu saa 11 na nusu jioni, wenzake washaondoka. Hiyo ni siku nzima ofisi imekaa bure huku mishahara inahesabika, na muda wa kutafuta diski mpya hatujaugusa. Kwa gigabiti 2.5 ni chini ya saa 4. Kwa 10, diski zikimudu, haifiki saa moja. Anayesema mtandao uliopo unatosha amepima siku ya kawaida.

Hofu ya kuvuta kebo upya nayo imetiwa chumvi. Kiwango cha mitandao ya kebo cha 802.3bz cha mwaka 2016 kililenga hasa majengo yenye kebo za zamani: kebo ya daraja la Cat5e inabeba gigabiti 2.5 hadi mita 100, Cat6 inabeba 5. Ni gigabiti 10 inayodai Cat6a kwa umbali huo. Kwenye Cat6 inaishia kama mita 55.

Wala si lazima kila meza. Watu 20 wakivuta mafaili kwa pamoja kwenye seva yenye kebo moja ya gigabiti 1, kila mmoja anaambulia megabiti 50, hata meza zao zingekuwa na kasi kiasi gani. Foleni iko kwa seva. Basi anza na seva, mashine ya bakapu na kiungo kati ya swichi na swichi, kisha wahariri wa video na wachora ramani. Mhasibu abaki na gigabiti yake 1.

Kabla ya kununua chochote, kagua kila tundu la swichi limeunganishwa kwa kasi gani. Gigabiti inatumia jozi zote 4 za nyaya, megabiti 100 inatumia 2 tu. Waya mmoja wa zile jozi nyingine ukiachia ndani ya plagi, kompyuta nyingi hushuka zenyewe hadi 100 bila kumwambia mtu, na lawama zote zinaenda kwa seva. Plagi hiyo ni ya kubana upya. Uichomeke hata kwenye swichi ya gigabiti 10, itabaki kwenye 100, au isiwake kabisa.