Sikutapika kwa sababu ya ini

Haya jamani, kwa kuwa yule jamaa niliyekwenda naye kuvua ameshairusha ile video yangu nikiwa botini na ini la samaki mkononi, na ameikata anavyotaka yeye, na kuna watu hawanijui hata kwa sura leo asubuhi wameniandikia "shikamoo Dokta Ini", ngoja niseme mwenyewe kilichotokea kabla hii hadithi haijazaa wajukuu. Ni juzi tu, mikono bado inanuka samaki, mnisamehe nikiandika ovyo.

Kwanza niwe mkweli. Utaalamu nilijipa mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Mnaonifuata hapa mnajua wiki tatu nzima nilikuwa nawapostia samaki jodari (tuna), jodari, jodari, hadi mmoja wenu akaniuliza kama nimeshapeleka posa. Nilikuwa nimezimeza picha za aina zake zote. Yule mdogo mwenye mistari tumboni kama mtu kampigia kwa rula, namjua. Sehewa na michoro yake ya mgongoni na vidoadoa vyake chini ya pezi la ubavuni, namjua. Albakora mwenye pezi la ubavuni refu kama kavaa shati la kaka yake, namjua. Nikajua hadi vituko vya majina: jodari wa mapezi manjano jina lake la kisayansi ni Thunnus albacares, lakini albakora mwenyewe siyo albacares, yeye ni Thunnus alalunga, na Wafaransa nao wakisema albacore wanamaanisha huyo wa mapezi manjano. Hilo nililisema botini. Mara mbili. Hakuna aliyeniuliza.

Sasa kitu kimoja sikukitilia maanani, samaki wa kwenye zile picha wote walikuwa watu wazima. Na jodari mapezi manjano akishakuwa mtu mzima hata ukiwa na usingizi utamjua, lile pezi la pili la mgongoni na mwenzake wa chini yanarefuka yanapinda kama mundu. Kasheshe ni watoto. Mtoto wa mapezi manjano na mtoto wa jodari macho makubwa ni kama wametoka tumbo moja, na wote wawili wana umanjano kwenye mapezi. Kwa hiyo mtu aliyejifunza neno "manjano" peke yake, kama mimi, huyo ameshakwisha ila bado hajaambiwa.

Haya twende botini. Tulikuwa watano na nahodha, mzee mmoja mpole ambaye maneno anayatoa kwa kipimo. Tunarambaza (yaani tunavuta mishipi nyuma ya boti inayotembea) tangu alfajiri, tumepata fulusi mmoja tu, na bahari ilikuwa imechafuka kidogo, tumbo langu likagoma, nikatapika saa 2 asubuhi. Huo muda mnishikie tafadhali, nitaurudia.

Kwenye saa 5 mshipi ukalia. Jamaa akavuta, akavuta, akaingia samaki kama wa kilo 8 hivi, anameremeta, anapiga mkia kwenye sitaha kwa kasi ya cherehani, trrrrrr, na huyo jamaa badala ya kumshika samaki wake akatoa simu akanielekezea mimi.

"Mtaalamu, huyu nani?"

Sikuinama hata. "Mapezi manjano huyo. Si unaona mwenyewe."

"Mbona macho makubwa hivi?"

"We ukivutwa na ndoana mdomoni hutatoa macho?"

Boti nzima ikacheka na mimi kichwa kikavimba. (Naomba mtambue kwamba jicho la samaki mmoja peke yake halikwambii kitu, kubwa kuliko la nani? Ungekuwa na mwenzake pembeni wa kumlinganisha sawa. Huu ndio utetezi wangu na nitakufa nao.)

Nahodha akasogea, akamgusa pale karibu na mkia. "Kijana, hivi vipezi vidogo umeviona?" Ni vile vilivyojipanga juu na chini kama meno ya msumeno. Vilikuwa manjano kweli, lakini kila kimoja kimepakwa wanja mweusi ukingoni, safi kabisa, kama bibi harusi. Wa mapezi manjano vipezi vyake ni njano tupu au wanja wake ni wa kubahatisha, na hili nilishalisoma jamani, lilikuwa mle mle kichwani, ila mdomo ulikuwa umeshatangulia.

"Uchafu wa boti huo, mzee."

Nikalowesha kidole kwa mate nikasugua. Wanja haukutoka. Nikasugua tena. Hapa kwenye video jamaa ameweka kinanda.

Nahodha hakubishana, na laiti angebishana. Alipiga magoti taratibu akachomoa kisu, akamchana tumbo kwa mstari mmoja, akaingiza mkono hadi kwenye kifundo, akapapasa huko ndani kama mtu anayetafuta funguo gizani, akatoka na ini zima. Akalikung'uta damu. Halafu badala ya kulionyesha kwa wote akachukua kiganja changu, akakifungua, akaliweka.

Lilikuwa na vuguvugu. Mimi nilitegemea baridi, ni samaki bwana, nikashtuka karibu nilirushe baharini.

"Geuza," akasema.

Nikageuza. Huko chini limejaa mistari, myembamba myembamba, imetoka pembeni inaingia ndani kama meno ya chanuo, na ini lenyewe lina vipande vitatu vinavyokaribiana ukubwa.

"Unaona nini?"

Sasa wenzangu, nilipokuwa nasoma kulikuwa na sehemu ya maini. Ilikuwa na picha. Niliona inatia kichefuchefu nikairuka, nikaenda moja kwa moja kwenye rekodi za uzito, ndiyo maana ukiniuliza hata usiku wa manane nitakwambia yule jodari wa bluu wa Kanada wa mwaka 1979 alikuwa na kilo 679. Ini, sijui chochote.

Injini ilikuwa inaguruma taratibu. Watu wamekaa kimya wananitazama. Tone la damu likaanza safari kutoka kwenye kiganja, likapita kifundo, likafuata mshipa, likafika kwenye kiwiko na likaingia ndani ya mkono wa shati, na mimi nalisindikiza kwa macho hatua kwa hatua kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuangalia. Kwenye video hapo pana sekunde 4, nimezihesabu. Ndani ya sekunde 4 mtu anaweza kusema "sijui" na ikabaki nafasi ya kukohoa.

Mimi nikakunja uso kama daktari anayetaka kumwambia mtu akae kwanza. Nikavuta pumzi. Nikasema, na nanukuu kwa sababu sasa hivi ni milio ya simu za watu:

"Huyu alikuwa mgonjwa. Ini limeshaharibika hili. Mnaiona hii mishipa? Huyu asingemaliza mwezi."

Kimya.

Kutoka nyuma ya boti sauti ikauliza kwa upole kabisa, "Kwani alikuwa anakunywa?"

Hapo ndipo ikaisha. Nahodha, ambaye tangu alfajiri sijamwona hata jino, alikaa chini. Alikaa juu ya ndoo, akashika mbavu, akacheka bila sauti mabega yanapanda na kushuka, akajifuta machozi kwa mkono wenye damu ikabidi acheke upya. Na mimi bado nimeshika ini, hakuna aliyenipokea.

Alipopata pumzi akasema, "Mwanangu, ini la mapezi manjano ni laini, halina mistari, na kipande chake cha kulia kirefu kuwazidi wenzake. Huyu ni macho makubwa. Na hana ugonjwa wowote." Akaniangalia kidogo. "Hapa mgonjwa ni mwingine."

Kumbe hawa macho makubwa mchana wanashuka chini kwenye giza na baridi, mita 300 na zaidi, na ile mishipa ndiyo inayomsaidia kutunza joto tumboni, na macho nayo makubwa ni ya kazi hiyo hiyo ya gizani. Yaani mwenzetu kavaa sweta, mimi nimemwandikia cheti cha kifo.

Basi mengine mnayajua. Nahodha akaandika kwenye daftari "macho makubwa, 1", akasema ndiyo maana hesabu za hawa samaki zinaharibika, watoto wake wanaandikwa jina la mwenzake kila siku, mimi nikapewa kazi ya barafu hadi tunarudi, jamaa akarusha video kabla hatujafunga kamba, simu yangu ikawaka. Leo nimetumiwa picha za maini saba, moja siyo la samaki. Na aliyegundua kwamba jina la kisayansi la macho makubwa ni Thunnus obesus, yaani mnene, na akaamua hilo ndilo liwe jina langu la pili, nimeshakujua na mwili wako naufahamu pia.

Ila kuna jambo moja siliachi. Jamaa kwenye kapsheni ameandika kwamba nilipowekewa ini nilitapika. Uongo. Ameichukua ile video ya asubuhi ameibandika mwishoni, angalieni jua liko upande gani. Nimeshindwa vipezi, nimeshindwa jicho, nimeshindwa ini, yote nakubali. Lakini kutapika kulikuwa saa 2, ini lilikuwa saa 5, naomba virekebishwe.