Poligrafu: haipokelewi mahakamani, inatawala chumba cha mahojiano

Mwaka 1973, katika jimbo la Connecticut, Marekani, kijana wa miaka 18 aitwaye Peter Reilly alirudi nyumbani akamkuta mama yake ameuawa. Polisi walimhoji saa nyingi, wakampima kwa poligrafu, mashine inayodaiwa kutambua uongo, kisha wakamwambia mashine imemkamata. Akaanza kuitilia shaka kumbukumbu yake mwenyewe, na mwisho akatia saini maelezo ya kukiri. Mwaka 1974 alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mashtaka yalifutwa mwaka 1976, baada ya kupatikana katika majalada ya mwendesha mashtaka maelezo ya shahidi aliyemwona mbali na nyumbani. Gary Ridgway, kwa upande wake, alifaulu kipimo hichohicho mwaka 1984; mwaka 2003 alikiri kuua wanawake 48.

Watetezi wa poligrafu wana hoja. Jopo la wanasayansi wa Marekani liliripoti mwaka 2003 kwamba, kwa tukio mahususi, kipimo hiki hutofautisha ukweli na uongo vizuri kuliko kubahatisha, ingawa kiko mbali na ukamilifu. Afisa mwenye hisia zake tu hana hata hicho. Tatizo ni kwamba mashine hupima pumzi, mapigo ya moyo na jasho, na asiye na hatia anayehojiwa kuhusu kifo cha mama yake ana kila sababu ya kutoka jasho.

Kinachonikera zaidi ni mlango wa nyuma. Mahakama nyingi za Marekani hazipokei matokeo ya poligrafu, lakini hupokea ungamo lililopatikana baada ya mtuhumiwa kuambiwa “umefeli”. India ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku kumpima mtu bila ridhaa yake. Ni hatua nzuri, ingawa ridhaa ya mtu aliye mikononi mwa polisi, anayejua kwamba akikataa ataonekana ana la kuficha, ni ridhaa ya mashaka.

Japani wanauliza tofauti. Mtuhumiwa hutajiwa kisu, kamba, nyundo, na mtaalamu huangalia kama mwili wake unashtukia silaha iliyotumika kweli, jambo ambalo asiyehusika hawezi kulijua. Hapo nakubaliana na watetezi, kwa sharti moja gumu: silaha hiyo isiwe imetajwa magazetini, wala na afisa aliyemhoji jana yake.