Bundi Sebuleni kwa Hajati

Mjomba wangu wa Leicester ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kuona kitu kizima kikitupwa. Huko Leicester walihamia kwa wingi Wahindi wa Uganda waliofukuzwa na Amin mwaka 1972, kwa hiyo matoke anapata, na wa kupiga nao soga za Jinja anapata. Kinachomkosesha usingizi ni jalala la Mwingereza. Anafanya kazi ya kutunza majengo ya shule, na kila shule inaposafisha stoo, sisi huku Walukuba, mtaa wa Jinja, Uganda, tunapokea simu.

"Mpwa wangu, safari hii nakutumia kompyuta."

Boksi lilikuwa bado liko baharini, lakini neno kompyuta lilishazunguka mtaa mzima. Mke wangu alikwisha kuulizia kodi ya kibanda pale kona, afungue biashara ya kuchapa barua na kutoa fotokopi. Dada yangu alisema kama ni laptopu, mwanawe Shamimu ndiye anayesoma, wengine tukae pembeni.

Tulifungua boksi juu ya mkeka. Yakatoka majaketi ya baridi, ambayo Jinja utayavaa siku gani sijui. Yakatoka magazeti ya Kiingereza yaliyokunjwakunjwa. Halafu kikatoka kidude kipana cha rangi ya krimu iliyokwisha kuiva njano, kizito karibu kilo nne, kibodi imejengewa humo humo, vitufe vyeusi, na juu yake safu ya vitufe vyekundu. Skrini hakuna. Mke wangu akachungulia ndani ya boksi, akaligeuza, akalitikisa.

"Na ile nyingine iko wapi?"

Hakukuwa na nyingine. Ilikuwa BBC Micro, Model B, kitu kilichotengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge kwa ajili ya mradi wa BBC wa kuwafundisha Waingereza kompyuta kupitia televisheni. Ilitoka mwishoni mwa mwaka 1981, serikali yao ikazisaidia shule kuinunua, na Model B ikafika pauni 399, si pesa ya kuchezea enzi hizo. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 32. Ile picha ya maua ya "Asubuhi njema" ambayo shangazi anatuma kwenye WhatsApp kila siku haiingii humo. Mimi nilifurahi mpaka nikaona haya. Mke wangu alichukua jaketi moja, akaenda zake jikoni.

Sasa, mashine hii ilitengenezwa itumie televisheni ya nyumbani, ile ya zamani yenye tundu la antena. Tangu matangazo ya analogia yazimwe mwaka 2015, watu wengi wameuza au wametupa tivii zao za chogo. Katika ua wetu ilibaki moja, ya Hajati, mama mwenye nyumba. Ukimuuliza kwa nini habadilishi, anakwambia tivii yake haiibiki, mwizi ataibeba na nani?

Hajati alikubali, kwa sharti. Jumapili ile wamama wa chama cha akiba walikuwa wanakutana sebuleni kwake. Nije mapema, niwaonyeshe kitu cha maana, nisimwaibishe.

"Sawa, Hajati."

"Na hicho kitu kiwe kisafi."

Nilikifuta kwa kitambaa hadi kikang'aa, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia, maana vumbi lilipotoka akatokea bundi. Ndiyo, bundi. Juu ya kibodi ya BBC Micro kuna bundi mdogo aliyechorwa kwa vidoti. Ndiye alama ya ule mradi wao. Kwa Wazungu bundi ni ndege mwenye akili. Nenda kawaeleze hayo wamama kumi na kitu wa Walukuba waliokaa kwenye zulia wakisubiri kuhesabiana hela.

"Mwanangu," Hajati aliniambia kwa sauti ya chini, ile ya hatari, "umeniletea bundi ndani ya nyumba?"

"Ni picha tu, Hajati."

"Mfunike."

Tukamfunika kwa leso. Fundi Wafula alikuwa amekwisha kukagua waya na fyuzi, akapima kwa mita, akasema safi. Na kwa mara ya kwanza kitu kutoka Uingereza hakikuhitaji adapta wala nini: volti 240 zile zile, plagi ya miguu mitatu ile ile waliyotuachia wenyewe. Nikachomeka. Nikawasha. Mashine ikalia, mlio mmoja mzito ukifuatiwa na mmoja mwembamba, na taa ndogo nyekundu ikawaka. Kwenye tivii kulikuwa na chenga tupu. Nikatafuta stesheni taratibu, chenga, chenga, chenga, halafu herufi nyeupe zikajitokeza:

BBC Computer 32K

Mzee Barasa wa nyumba ya tatu, ambaye si mwanachama wa chama chochote ila hakosi palipo na chai, akasogeza kiti mbele. Huyu mzee amesikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC maisha yake yote. Idhaa ilianza 1957 na yeye hajakosana nayo hata siku moja.

"Kumbe ni BBC! Taarifa ya habari saa ngapi?"

Nikamwambia mzee, hii haisomi habari. Akanitazama kwa huruma, mtu asiyejua mashine yake mwenyewe. Akaendelea kukaa.

Shamimu ndiye aliyekuwa na vidole vyepesi, nikamwachia kibodi. Akaandika JAMBO. Mashine ikajibu hapo hapo: Mistake, yaani kosa.

"Eh! Ina jeuri," mama mmoja akasema.

"Labda haijazoea," Hajati akasema. "Isalimie vizuri, mwanangu." Shamimu akaandika SALAAM ALEIKUM, bila kukosea herufi. Mistake.

Sebule ikanyamaza. Mama Zubeda, mweka hazina, akaitazama ile leso. "Bundi gani atakayeitikia salamu?"

Nikaona hapa lazima tumpoze mwenye nyumba. Nikamnong'oneza Shamimu zile amri mbili ambazo kila mtoto wa Kiingereza wa miaka ya themanini alizijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Akaziandika:

10 PRINT "KARIBU HAJATI"
20 GOTO 10

Mstari wa kwanza unaandika, wa pili unairudisha mashine kwenye wa kwanza, basi, haina pa kutokea. Akaandika RUN. KARIBU HAJATI, KARIBU HAJATI, KARIBU HAJATI, skrini nzima ikajaa na ikawa inapanda juu haishi. Wamama wakapiga vigelegele. Hajati akarekebisha mtandio, akacheka kwa haya, akasema, "Banange, mimi huyu?" Chai ikamiminwa. Kwa muda huo mfupi nilikuwa mpangaji bora katika Jinja nzima, na nilianza hata kufikiria deni langu la kodi kwa matumaini.

Kwanza kikasikika kitu kidogo: tik. Kisha: PAA!

Nyuma ya mashine, upande wa swichi, ukatoka moshi mzito wa kijivu. Haukupanda mara moja. Ulitambaa kwanza juu ya meza, ukapita chini ya leso na kuiinua, bundi akachungulia, ndipo ukaamua kuijaza sebule. Na harufu! Ni kama samaki aliyeoza anakaangwa kwenye oili chafu ya bodaboda. Inakaa kooni mpaka kesho yake.

Sikuwahi kujua Mama Zubeda anaweza kuruka kochi. Wamama walitoka kwa mlango, wawili kwa dirisha, na viatu vilivyopangwa kibarazani viligawanywa upya bila kuulizana. Nasikia kuna ndara mpaka leo hazijarudi kwa mwenyewe. Nje wakageuka kutazama. Walichokiona dirishani ndicho kilichoharibu mambo kabisa. Moshi umetanda, bundi yuko wazi, na skrini haijatetereka hata kidogo: KARIBU HAJATI, KARIBU HAJATI, KARIBU HAJATI.

"Linamwita!" mtu akapiga ukelele.

"Linamkaribisha wapi?"

Hilo swali hakuna aliyetaka kulijibu. Hajati mwenyewe alikuwa ameshika nguzo ya kibaraza, anasoma Ayatul Kursi kwa kasi ya treni. Mama mmoja akaja mbio na ndoo ya maji, nikamzuia mlangoni kwa mikono miwili, "Maji na umeme, mama yangu, tutakufa kweli!" Nyuma yangu Shamimu, ambaye hakuwa ameondoka kwenye kibodi, akabonyeza kitufe cha kusimamisha programu. Mashine ikatii, na kwa adabu zote ikaeleza iliposimama. Naye Shamimu, anayesifiwa darasani kwa kusoma kwa sauti, akasoma kwa sauti:

"Escape at line 10!"

Wale wamama wanaojua kwamba "escape" kwa Kiingereza ni kutoroka, ambao walikwisha kuanza kurudi, wakaongoza wengine hadi barabarani.

Nikang'oa plagi. Moshi ulipopungua tukamwona Mzee Barasa. Alikuwa amekaa pale pale, kikombe mkononi, macho mekundu yanamtoka machozi.

"Mmezima," akasema, "na habari hazijasomwa."

Fundi Wafula alifungua pawa saplai jioni, akaniwekea kiganjani kibaki cha kapasita, kipande cha njano kilichopasuka tumbo. Ndani yake ni karatasi zilizopakwa metali, zikafungwa kwa utomvu mgumu. Miaka inavyokwenda utomvu unapata nyufa nyembamba ambazo jicho halizioni upesi, karatasi zinafyonza unyevu, na hapa Jinja tumebanwa kati ya ziwa na Nile, unyevu ndiyo hewa yenyewe. Ukiipa volti 240, inachemka, inapasuka. Kazi yake ni kuchuja kelele za umeme tu. Isipokuwepo, kompyuta wala haina habari. Ndiyo maana ilikuwa inaendelea kumkaribisha Hajati wakati sisi tunauana mlangoni. Wafula alilehemu nyingine mpya, bei yake haikuzidi rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, ya mayai mawili.

Kesi yangu chamani ilikuwa fupi. Faini shilingi elfu ishirini, sabuni ya kufulia mapazia, na yule ndege akwanguliwe. Kukwangua sikukubali, tukapatana abandikwe plasta. Hajati hakusema lolote hadi hukumu ilipoisha, kisha akaniuliza kama kweli haitapasuka tena. Nikaapa.

Wakati natoka, Mama Zubeda alinivuta kando kibarazani, akaangalia huku na huku.

"Ile ya kuandika jina bila kukoma. Inaweza kuandika jina la mtu mwenye deni?"

"Jina lolote, mama."

Mkutano uliofuata niliitwa rasmi, pamoja na Shamimu. Tivii ikawashwa, chenga zikajaa, plasta ikabanduliwa kidogo upande wa macho. Mama Zubeda akafungua daftari, akasafisha koo, akaniashiria. Mkono wangu haujafika kwenye swichi, mama mmoja nyuma kule akafungua pochi.

"Ngoja, ngoja, ngoja. Nina elfu hamsini hapa, nyingine Ijumaa."