Mauzo ya Mwezi ni ya Marekani, Mashine ni za Kirumba

Vijana wa vibanda vya gemu hapa Mwanza wana ubishi mmoja ambao siwezi kuupita bila kuchangia: nani kauza mashine nyingi za gemu mwezi uliopita. Ripoti ya mauzo ya Marekani ikitoka tu, Kirumba hadi Mabatini hakukaliki. Wa PlayStation ya Sony wanatamba, wa Nintendo wanajibu, na wale wachache wa Xbox ya Microsoft wanajitetea kwa hasira ya watu waliozoea kufungwa. Naupenda ubishi huo. Ila naona tunagombania namba isiyotuhusu, halafu ile inayotuhusu tunaipita kama hatujaiona.

Ripoti yenyewe hutolewa na kampuni ya Circana, ambayo wakongwe wanaijua kwa jina la zamani, NPD. Inapima soko la Marekani peke yake. Mpaka 2010 ilikuwa inaweka hadharani idadi ya mashine zilizouzwa kila mwezi. Baada ya hapo namba kamili zikawa za wateja wanaolipia, sisi wengine tukabaki na orodha ya nani wa kwanza na nani wa pili, pamoja na majigambo ya kampuni zenyewe, ambazo huikumbuka namba yao mwezi ule walioshinda. Orodha ya gemu nayo hupangwa kwa dola zilizoingia. Gemu ya dola 70 yenye wanunuzi wachache inaweza kukaa juu ya gemu ya dola 20 iliyonunuliwa na watu wengi zaidi. Tena Nintendo haiwapi Circana mauzo ya gemu zake zinazopakuliwa, kwa hiyo anayeisoma orodha kama msimamo wa ligi anasoma ligi ambayo timu moja imeacha nusu ya magoli yake nyumbani. Wajapani angalau wana jarida la Famitsu linalotoa idadi kila wiki, lakini hiyo ni ya Japani.

Halafu kuna suala la wiki. Kwa kalenda ya wauzaji wa kule, mwezi mmoja huhesabiwa wiki nne na mwingine wiki tano. Kijana akikwambia mauzo ya Machi yamepanda kuliko ya Februari, mwulize amegawanya kwa wiki ngapi. Mara nyingi ubishi unaishia hapo hapo, na mwenye kibanda anashukuru maana pedi za kuchezea zilikuwa zimekaa bure.

Microsoft wao walitatua tatizo kwa kunyamaza. Mwaka 2015, wakati Xbox One imeshaachwa mbali na PS4 (PlayStation 4), waliacha kutaja idadi ya mashine walizouza. Mwaka 2022, wakijieleza mbele ya wadhibiti wa ushindani wa Brazil kuhusu kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard, nyaraka zao wenyewe zikakiri kwamba Sony iliuza zaidi ya mara mbili yao katika kizazi hicho cha mashine. Mashabiki wao walikuwa wamebisha miaka yote hiyo kwa niaba ya kampuni iliyojua ukweli.

Hata Sony na Nintendo, ambao bado wanataja idadi kila robo mwaka, namba zao zinataka jicho la pili. Kwa kawaida wanahesabu mashine zilizokwenda kwa wenye maduka. Gunia la dagaa likishapakiwa kwenye lori pale soko la Mwaloni, mchuuzi ameshalipwa na kwa daftari lake limeuzwa, hata kama litalala Kahama mwezi mzima bila kufunguliwa. Atari, kampuni ya gemu ya zamani ya Marekani, waliyaona hayo kwa machozi. Mwaka 1982 walitengeneza mamilioni ya kaseti za gemu ya E.T., maduka yakazipokea, kisha yakazirudisha. Mwaka uliofuata sehemu ya mzigo ikafukiwa kwenye jalala la Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 wakaja watu kuufukua, kamera zikiwa juu yao.

Sasa sisi. Mashine haitufikii Mwanza mwezi inapotoka, labda kwa mwenye pesa zake. Inatufikia ikiwa imeshachezwa Ulaya au Uarabuni, imepita Dar, imebebwa na ndugu au imejazwa kwenye mzigo wa mtumba, na kule ilikotoka ilishahesabiwa mara moja, zamani. Ndiyo maana nasema mauzo ya mwezi ni ya wenzetu. Ya kwetu ni jumla ya maisha yote ya mashine, kwa sababu jumla hiyo ndiyo inayoamua nini kitakuja kuuzwa Makoroboi miaka mingi baadaye, na kwa bei gani, na kama vipuri vyake vitapatikana.

Chukua PS2, yaani PlayStation 2. Ilitoka Japani Machi 2000, na mpaka inaacha kutengenezwa ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 160. Kwa wingi huo, pedi zake, adapta zake na memori kadi zake zilizagaa kila mahali, na fundi aliyezoea deki za DVD akajifunza kuitibu. Nimekaa mara nyingi pembeni ya fundi wa namna hiyo. Anafungua kifuniko, anapitisha pamba yenye spiriti kwenye lenzi, anajaribu CD. Ikigoma, anakizungusha kigurudumu kidogo cheupe kinachopandisha na kushusha lenzi, jino moja, anajaribu, jino jingine, anajaribu tena, mpaka ile sauti ya kukwaruza inakoma na nembo inatokea kwenye runinga. Ufundi huo usingekuwepo kwa mashine iliyouzwa kidogo. Nani angehangaika kujifunza?

Kubwa zaidi, gemu mpya ziliendelea kuja. Gemu za mpira FIFA 14 na PES 2014 zote zilitolewa kwa PS2, mwaka 2013, mashine ikiwa na miaka 13. EA na Konami, wenye gemu hizo, hawakufanya hivyo kwa kutuonea huruma. Waliona mashine bado ziko mezani kwa watu, zina faida. Leo PS4, iliyotoka Novemba 2013 na kuuzwa zaidi ya milioni 117, inapita njia hiyo hiyo: FC 26 ya mwaka 2025, gemu ya mpira ya EA hao hao, imetoka kwa PS4 pia. Wii U ya Nintendo je? Iliishia milioni 13.56 dunia nzima. Mimi sijawahi kuiona kwenye kibanda chochote cha mji huu, na fundi ukimpelekea atakuuliza hiki ni kitu gani.

Switch 2 ya Nintendo ilipouza zaidi ya milioni 3.5 ndani ya siku nne, Juni 2025, kijana mmoja wa Kitangiri alinifuata: "Kaka, Nintendo kashamaliza kazi!" Nikamwambia, "Mdogo wangu, mashine ya kubeba mkononi ukiiweka kibandani, itabebwa kweli." Alicheka, lakini hoja iko pale. Kibanda kinataka mashine inayofungwa kwa waya kwenye meza, pedi mbili, mpira, na vipuri vya karibu. Nintendo wanaweza kushinda Marekani na Japani miezi mfululizo bila kibanda kimoja cha Igoma kubadilisha chochote.

Wachambuzi hupenda pia kugawanya gemu kwa mashine. PS2 iliuza gemu zaidi ya bilioni 1.5, ambayo ni kama kumi kwa kila mashine. Uwiano huo hapa kwetu haushiki. Mashine moja inacheza gemu mbili, zote za mpira, benchi zima linasubiri zamu, na CD nyingi za enzi zile tusidanganyane zilikuwa za kuchomwa. Hakuna ripoti iliyowahi kutuona, na kwa hilo la kuchoma labda ni heri.

Namba ninayotaka tuibishie ni nyingine kabisa. Kwenye ripoti za Sony za miaka ya karibuni, zaidi ya theluthi mbili ya gemu kamili za PlayStation zinauzwa kwa kupakuliwa. Huko nje ni habari ya kawaida, watu wamehama maduka. Kwetu ni balaa linalokuja polepole. Gemu iliyopakuliwa inafungwa kwenye akaunti ya mnunuzi. Akiichoka hawezi kuiuza wala kumwachia mdogo wake kama CD. Maana yake mzigo wa mtumba wa miaka kumi ijayo utakuja na mashine nyingi na gemu chache. Xbox Series S ya mwaka 2020 haina sehemu ya CD. PS5 Pro ya mwaka 2024 nayo haina. Kwa hiyo Pro, sehemu ya CD unainunua pembeni, na lazima uiunganishe na intaneti kwanza ndipo ikubali. Gemu moja ya siku hizi inaweza kufika GB 100. Piga hesabu ya bando mwenyewe, halafu uongeze kadi ya benki inayokubali malipo ya nje na bei ya dola isiyojua mapatano.

Jamaa yangu mwenye kibanda aliletewa PS5 isiyo na CD kwa bei nzuri kuliko ile yenye nayo. Aliigeuza, akatafuta pa kuingizia CD, akairudisha, akanunua PS4 za mtumba zilizokuja na gemu zake. Muuzaji alimwona mshamba. Lakini muuzaji hana wateja wanaolipa shilingi 500 kwa mechi, wala hatakuwepo siku akaunti ya watu itakapojifunga Jumamosi jioni, benchi limejaa.