Ajenda ya Tatu, Kengele

Nimetoka kikao cha wazazi sasa hivi na goti la kulia halinyooki. Mtu mzima, baba wa familia, nimevaa tai makusudi ili mwalimu mkuu ajue anaongea na nani, halafu naambiwa "karibu mzazi, keti" kwenye dawati la darasa la pili. Ukishajipenyeza pale, heshima imebaki mlangoni. Magoti yako kidevuni, na ukitaka kuinuka lazima jirani atoke kwanza.

Ajenda ya kwanza: ada hakuna. Tukapiga makofi. Makofi hayo kwetu ni ya kurithi. Baba alifutiwa ada 1973, mimi nikafutiwa 2001, mwanangu kakuta imefutwa tena tangu 2016, pamoja na michango ya lazima. Ukoo wetu umefutiwa mpaka basi. Ajenda ya pili: michango ya hiari. Hiari yenyewe ina kiwango, ina tarehe ya mwisho, na ina daftari la wasiotoa.

Ajenda ya tatu ndiyo iliyotumaliza. Kengele imeibwa.

Kengele yenyewe, mnaijua, ringi ya lori iliyoning'inia kwenye mwembe, inagongwa kwa nondo. Mwalimu mkuu akasema tuchangie mlinzi. Hapo mzee mmoja wa balaghashia akasimama: "Mwenyekiti, mimi sina mengi." Nikajua leo tunalala hapa. Akasema ile ringi ilikuwa ya Isuzu, alikuwepo siku inatundikwa. Dereva mstaafu akadakia, Isuzu ya wapi, ile ni Scania, hesabuni matundu! Watu wazima wakaanza kuhesabu matundu ya kitu ambacho hakipo.

Mama mmoja akasema, kama ni matundu, tuanze na ya choo. Serikali inataka tundu moja kwa wasichana 20, na kwa wavulana 25. Hapa foleni ya chooni inapita mbele ya ofisi ya walimu. Akajibiwa kwamba hoja yake ni nzuri sana, ataileta kwenye mengineyo.

Wakarudi kwenye Scania.

Basi huku nyuma, dirishani, yuko mzazi mwenzetu wa vyuma chakavu. Alikuwa kimya muda wote, anaangalia dari. Mara akasema kwa upole: "Ile ina kilo 32 na nusu."

Kikao kizima kikageuka. Mwenyekiti akamuuliza, umejuaje?

"Kwa macho tu."

Macho gani yanaona nusu kilo? Lakini kabla hajabanwa akajitolea, kama mzazi mwenye uchungu na elimu, kututafutia nyingine kwa bei ya mzazi. Makofi! Akapiga simu, na hatujafika mengineyo, guta likaingia uwanjani na ringi. Imepakwa bluu, rangi mbichi, inaacha alama kwenye mikono ya waliobeba. Wakaipitisha ubavuni kwangu, na chini ya ile bluu nikaziona herufi za jina langu, nilizozichora mwenyewe kwa msumari nikiwa darasa la sita.

Nikataka kusimama. Dawati likakataa. Nikanyoosha mkono, mwenyekiti akaniona, akafurahi: "Mzazi mwenye tai anaunga mkono! Katibu, andika." Ikapita. Shilingi 40,000, tunagawana, na mlinzi palepale. Jamani, mnalinda nini, wakati mwizi kaandikwa kwenye muhtasari kama mfadhili? Ya choo hayakufikiwa, maana giza liliingia na darasa halina taa.

Sweta lenye nembo sitalizungumzia, presha itapanda. Kundi la WhatsApp la wazazi nalo, ukiuliza mtihani lini, unatumiwa maua ya "asubuhi njema".

Sasa nimefika nyumbani, nanyoosha mguu wangu, mtoto anatoka chumbani na daftari la sayansi. Kesho kila mwanafunzi aende na panzi. Saa nne usiku! Namwambia mende wapo, chagua umtakaye, ana miguu sita na yeye. Anasema mwalimu kakataza mende, tena huyo panzi awe mzima. Mama yake kajifunika shuka, anajifanya hasikii. Haya, nani anijulishe, Mbagala hii panzi wanalala wapi?