Uko uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, ukaombwa usafiri kesho: kiti chako cha leo ni bei gani?

Mashirika ya ndege huuza tiketi nyingi kuliko viti. Si siri, na katika nchi nyingi si kosa. Kila safari ina watu waliolipa ambao hawatatokea: kikao kimeahirishwa, mgonjwa amezidiwa, lori limelala barabarani Mbalizi, njia ya kuja uwanjani, na foleni haisogei. Kiti kitupu ndege ikishapaa hakiuziki tena. Tuseme ni ndege ya panga boi yenye viti 76 na shirika limezoea kuona watu wanne hawaji. Linauza tiketi 80. Siku wakija wote, wanne lazima wabaki, na hapo mhudumu wa kaunta anaanza kuomba: nani anaweza kusafiri kesho?

Hoja ya mashirika ina uzito kuliko tunavyopenda kukubali. Viti vinavyoruka vitupu hulipiwa na walioketi. Kwa njia ya Mbeya kwenda Dar es Salaam, ambako basi lipo na watu wanalijua, nauli ikipanda kidogo tu kuna abiria wanarudi stendi. Pia uuzaji huu wa ziada ndio unaomwezesha mtu kubadilisha tarehe ya tiketi bila kupoteza kila kitu, kwa kuwa shirika lina matumaini ya kumpata mwingine wa kukalia kiti chake.

Mtu aliyezoea stendi atasema hii si chochote ila ile tiketi ya basi iliyouzwa mara mbili. Mimi naona tofauti. Stendi ni uzembe au wizi, kwenye ndege ni hesabu iliyopigwa mapema. Lakini yule wa stendi ana nafuu moja ambayo wa Songwe hana: mabasi ya Dar ni mengi, na ugomvi ukiisha anapandishwa lingine.

Wazo la kuomba wanaojitolea lina historia yake. Katika miaka ya 1960 mchumi wa Marekani, Julian Simon, alipendekeza kwamba badala ya shirika kuchagua lenyewe nani aachwe, liwaulize abiria nani yuko tayari kubaki na kwa kiasi gani, kisha limchukue anayetaja kidogo zaidi. Mashirika yalilipuuza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya huko ikalifanya kanuni: kabla ya kumwacha mtu kwa nguvu, kwanza waombwe wanaojitolea. Uzuri wake ni kwamba anayebaki ni yule ambaye kuchelewa kunamuumiza kidogo, na anaondoka na kitu mkononi. Anayewahi mazishi anapanda.

Utaratibu huo ukikatishwa njiani, matokeo ni yale ya Chicago, tarehe 9 Aprili 2017. Wengi wanakikumbuka kama kisa cha ndege iliyouzwa kupita kiasi, ingawa viti vinne vilitakiwa kwa ajili ya wafanyakazi wa shirika lenyewe, United la Marekani, waliohitajika mji wa Louisville. Abiria walikuwa wameshakaa. Ofa ilifika dola 800, hakuna aliyeinuka, watu wanne wakateuliwa. Daktari David Dao, mwenye miaka 69, alikataa, akaburutwa kwenye ujia mbele ya simu zilizokuwa zikirekodi. Baada ya aibu ile, United ilitangaza kwamba inaweza kulipa hadi dola 10,000 kwa anayekubali kubaki. Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kusimamisha bei mapema. Kwa kiasi fulani juu ya 800, mtu angeinuka.

Sasa lilete jambo hilo nyanda za juu kusini. Hesabu ya wasiotokea hutulia kwenye ndege kubwa na njia zenye safari nyingi kwa siku. Kwenye viti 76 inayumba: kundi moja la sendofu likija lote bila pengo, utabiri umekufa. Isitoshe, ndege kubwa ikipata hitilafu Dar na ikaletwa ndogo badala yake, watu wanabaki hata kama hakuna tiketi moja iliyozidishwa. Abiria hawezi kutofautisha, na kaunta haina haraka ya kumweleza.

Halafu kuna hiyo kesho yenyewe. Uwanja wa Songwe, unaotumika tangu Desemba 2012, haupo mjini kama ule wa zamani. Ukibaki, unarudi kilomita ishirini na zaidi kupita Mbalizi, unatafuta chumba, unaamka tena alfajiri. Msimu wa mvua kuna ukungu wa asubuhi ambao umewahi kurudisha ndege Dar zikiwa zimeshafika juu ya uwanja. Abiria wa ndege iliyorudi nao wanasubiri viti vya kesho hiyo hiyo uliyoahidiwa wewe. Ofa ambayo ni ya haki kwenye kiwanja chenye safari kila baada ya saa mbili, kwetu inaweza kuwa kumpunja mtu kabisa.

Linalonikera zaidi ni namna ya kuomba. Nimeona mhudumu wa shirika moja akitoka nyuma ya kaunta na kupita mtu mmoja mmoja kwa sauti ya chini. Alianza na mama wa makamo aliyekuwa ameshakabidhi mfuko wake wa mchele wa Kyela.

"Mama shikamoo. Tunaomba usafiri kesho, chumba tutakupa."

"Marahaba mwanangu. Nina kliniki Muhimbili kesho saa mbili."

Akaomba radhi, akaenda kwa kijana mwenye begi la mgongoni: "Kaka, una haraka sana leo?" Kijana akasema siyo sana. Hakuuliza atapewa nini, na kwetu kuuliza hivyo mtu anapokuomba kwa adabu kunaonekana tamaa. Alipewa chumba, chakula na vocha ya safari nyingine. Mzee wa suti aliyekuwa nyuma yake hakuulizwa kabisa.

Mnada wa kunong'onezana hivyo unaharibu wazo zima la Simon. Mpole ndiye anayepata kidogo, na mhudumu ndiye anayeamua nani ana sura ya kusubiri. Bei itangazwe kwa wote, ipande mpaka apatikane mtu, ilipwe kwa fedha taslimu au kwenye simu, si vocha ya njia ambayo huenda mtu asiipite tena mwaka huu. Chumba na usafiri wa kwenda na kurudi visihesabiwe kama sehemu ya malipo, kwa kuwa hivyo ni gharama za kuachwa tu. Na kiti cha kesho kiandikwe kabla kile cha leo hakijaachiwa. Mwenye tiketi tofauti ya kuunganisha Dar kwenda Dubai au Guangzhou asithubutu kukubali, hata wakipandisha vipi, maana ndege ile ya pili haitamsubiri na tiketi yake inaweza kufa.

Wenye mashirika watajibu kwamba gharama hiyo itaua njia. Hofu yao si ya bure. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 261 ya mwaka 2004, unataka anayeachwa bila hiari kwenye safari isiyozidi kilomita 1,500 alipwe euro 250, kiasi ambacho mara nyingi huzidi nauli yenyewe. Mbeya na Dar ingeangukia kundi hilo. Kuibandika sheria hiyo hapa bila kuipunguza kungefanya shirika liache kuuza ziada na kupandisha nauli, au lipunguze safari, na zikipungua, kesho inakuwa keshokutwa. Kiwango kinachotokana na nauli aliyolipa abiria kingetufaa zaidi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga na baraza lake la ushauri la watumiaji ndio wa kulisukuma.

Jambo moja hoja ya nauli nafuu hulificha. Mwenye tiketi ya bei ya chini isiyorudishwa fedha hujikaza afike, kwa kuwa akikosa amepoteza zote. Tiketi inayobadilishwa bila maumivu mara nyingi ni ya ofisi, na kikao kikisogezwa mwenyewe habanduki mjini. Ila watu wanapozidi na hakuna anayejitolea, mashirika mengi huanza kumwacha aliyelipa nauli ya chini au aliyechelewa kujiandikisha. Kwa hiyo pengo linatokana na mmoja, adhabu inamwangukia mwingine.

Na huyo wa ofisi akitokea, yeye ndiye mwepesi kuliko wote kusema ndiyo. Tiketi hakununua, chumba analipiwa, na usiku wa ziada anaweza kuuombea posho. Fidia inaingia mfukoni mwake, kikao cha Dar kinaanza bila yeye. Ofisi zinazodai risiti ya kila teksi zingeandika pia kwamba malipo ya kuachia kiti yanarudi kwa aliyenunua tiketi.