Mzambarau unachafua nini hasa?

Mwenye nyumba wetu ameukata mzambarau. Alituita wapangaji uani Jumapili asubuhi, akatuonyesha boneti ya gari la mpangaji wa chumba cha mbele, imetapakaa kinyesi cha kunguru, rangi yake mnaijua wenyewe. "Wanangu, huu mti ni uchafu mtupu," akasema. Tukanyamaza. Kumbishia mwenye nyumba Dar, huku kodi ya miezi sita inakaribia, ni ujasiri ambao sina. Jioni wenye msumeno wakaja, na wiki iliyofuata pavingi zikamwagwa ua mzima.

Sisemi mzee kaongopa. Zambarau zikiiva zikawa nyeusi tii, zinadondoka zenyewe usiku kucha, zinapasuka, asubuhi nzi wamejaa na ua unanuka kama pombe iliyolala. Popo wanakula juu, kunguru wanamalizia mchana. Nguo nyeupe ukianika chini yake umejitakia. Lakini hayo ni ya majuma machache tu kwa mwaka. Kivuli kilikuwa cha mwaka mzima, na hicho hakuna aliyekiweka kwenye hesabu.

Sasa saa nane mchana watoto wakienda bombani pekupeku wanarukaruka kama wanakanyaga kikaango. Akina mama waliokuwa wakitandika mkeka pale kuchambua mchele wamehamia koridoni. Na lile gari lililosababisha yote? Linaegeshwa nje barabarani, chini ya mwarobaini wa jirani.

Kinachonishangaza ni kwamba pembeni ya ukuta mzee ameotesha miashoki, ile mirefu myembamba kama askari wa gwaride. Ukimuuliza atakwambia ni ya kisasa. Yote miwili, mwashoki na mzambarau, asili yake ni Asia ya Kusini. Tofauti ni kwamba mmoja unakulisha na kukufunika, mwingine umesimama tu. (Kunguru wenyewe nao ni wa huko huko. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wakavuka bahari, na leo jiji ni lao.)

Mzambarau una ndugu mwenye bahati. Karafuu ni ukoo wake wa karibu kabisa, wataalamu wa mimea wanaiweka miti hiyo miwili katika jenasi moja, Syzygium, na mpera na mkaratusi wamo katika familia hiyo hiyo. Karafuu ina shirika la serikali kule Visiwani la kuinunua. Zambarau ina mama mwenye beseni kituo cha daladala, anapima kwa kopo na kunyunyizia chumvi ukitaka. Mimi hutaka. Chumvi inapunguza ule ukakasi unaokamata ulimi, na ukimaliza unautoa ulimi nje kumwonyesha mwenzako, hata uwe na miaka arobaini.

Halafu kuna lugha. Nyekundu, nyeupe na nyeusi tunazo bila kuazima tunda lolote, lakini hii rangi tumeiita kwa jina la tunda. Binti yangu anaijua vizuri rangi ya zambarau kwenye penseli zake. Zambarau yenyewe, nilipomletea kopo moja, aliuliza kama ni zabibu zilizoharibika.

Atakayesema mti huu haufai mjini aende New Delhi. Waingereza walipojenga mji mkuu ule waliipanda mizambarau kando ya barabara kubwa, ikiwemo Rajpath, ambayo tangu 2022 inaitwa Kartavya Path. Msimu ukifika, manispaa hukodisha haki ya kuchuma. Wachumaji wanatandaza maturubai chini, wanapanda na kutikisa matawi, zambarau zinauzwa pale pale kando ya njia. Turubai, jamani! Mzee angenunua turubai moja, uchafu ungegeuka biashara.

Na tafadhali, msiutetee mti huu kwa habari za dawa ya kisukari. Uhindini hutumika hivyo katika tiba za jadi, lakini watafiti wa Brazil walipowapa watu chai ya majani yake hawakuona sukari ikishuka. Kivuli na tunda vinatosha.

Jiji hili lilishawahi kuheshimu miti kiasi cha kuiachia majina ya mitaa: Mwembechai, Mnazi Mmoja, Mikocheni, Mabibo. Mtaa wa mbele yetu siku hizi wanauelekeza kwa mnara wa simu.

Kisiki kimebaki kando ya tenki la maji, maana mafundi walidai hela zaidi kuking'oa. Mvua za juzi kikachipua machipukizi manne. Mzee akakimwagia oili chafu, mawili yakanyauka. Jana nimekuta mtu ameyafunika yale mawili yaliyobaki kwa beseni bovu la plastiki, juu kaweka tofali. Beseni nalifahamu ni la nani. Sijamuuliza.